Mzazi wa Mmoja Mmoja: Mbung'o, Korongo na Kayongo wa Lambwe

Leo nawapeleka Lambwe, kaunti ya Homa Bay. Ukishika barabara ya kutoka Homa Bay mjini kwenda Mbita, ziwa liko kuliani, na bonde lenyewe linafunguka mkono wa kushoto: tambarare ya nyasi na migunga, vilima vya Gwassi magharibi yake, na upande wa pili ule mteremko mkali wa Kaniamwia, ambao ukiuvuka unaingia Ndhiwa na kuielekea Migori. Mgeni akilitaja Lambwe hutaja mbuga ya Ruma na wanyama wake. Mimi nitaanza na mdudu, maana bila mdudu huyo mbuga yenyewe pengine isingekuwepo.

Mdudu ni mbung'o. Wenyeji wanamwita maugo. Na jambo la kwanza la kujua juu yake ni kwamba mbung'o hatagi mayai. Mbung'o huzaa.

Nzi wa kawaida, huyu wa jikoni na chooni, hutaga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja, kisha akaruka zake. Yapi yameangulika na yapi yameliwa na kuku, hilo si shauri lake. Mbung'o hana uzembe huo. Jike hukutana na dume siku zake za kwanza tu, na kwa kawaida mara hiyo moja inamtosha maisha yake yote: mbegu ya dume anaiweka akiba tumboni na kuitumia kidogo kidogo mpaka kufa kwake. Yai moja hukomaa, likashuka kwenye mji wa uzazi, likaangulika humo humo. Buu anayetoka kwenye yai hilo hunyonya. Nasema tena kwa aliyedhani redio imekwaruza: hunyonya. Mama ana tezi zinazotoa maziwa ndani kwa ndani, na buu anakaa pale akiyafyonza mpaka uzito wake unakaribia uzito wa mama aliyembeba. Na mama kwa muda wote huo chakula chake ni kimoja, damu. Ya nyati, ya pongo, ya ng'ombe wako, na yako wewe ukipita karibu. Dume naye anakunywa damu vilevile, si kama mbu ambaye jike peke yake ndiye mwenye kiu hiyo.

Mtoto wa kwanza hupatikana wiki mbili na ushei tangu jike atoke ardhini. Baada ya hapo, kila siku 9 au 10, mtoto mmoja. Jike akibahatika kufikisha miezi mitatu, hesabu ya watoto wake haizidi kumi hivi. Kuna ng'ombe wa kienyeji humo bondeni ambao hawako mbali na hesabu hiyo.

Siku ya kujifungua jike hutafuta kivuli, chini ya kichaka kizito, mahali penye udongo mlegevu na majani makavu. Buu anayetoka ni mweupe wa rangi ya maziwa, na nyuma yake ana vinundu viwili vyeusi vya kupumulia. Hana miguu. Lakini mara tu anapogusa ardhi anaanza kujichimbia, na dakika chache baadaye hayupo. Ameshuka sentimita chache chini ya udongo. Huko ngozi yake hukakamaa ikawa gamba gumu, rangi ikageuka hudhurungi hadi karibu nyeusi, umbo la pipa dogo lenye vile vinundu viwili mwishoni. Hali, hanywi, hasogei. Ndani ya gamba anaumbwa upya, mwezi mmoja hivi, na zaidi kukiwa na baridi. Siku yake ikifika, kichwani pake hutokeza kifuko anachokivimbisha na kukifanya kinywee. Kwa kifuko hicho analipasua gamba na kuusukuma udongo mpaka aone mwanga. Anasimama, anasubiri mabawa yakauke, na akiyakunja yanalaliana mgongoni kama makali ya mkasi uliofungwa. Hapo ndipo utamjua kati ya nzi wote.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalofafanua yote yaliyotokea Lambwe. Kiumbe anayezaa mmoja mmoja hana mtoto wa kupoteza. Ulinzi wake wote uko mahali pamoja, katika kumficha huyo mmoja: kwanza tumboni, kisha ardhini chini ya kichaka. Ukitaka kupambana naye, lazima uhesabu siku zake. Asiyezihesabu atatumia pesa nyingi kuua wale aliowaona, huku wengine wakisubiri zamu chini ya udongo.

Sasa tuingize mwenzake katika hadithi, kile kimelea kinacholeta malale kwa binadamu, ugonjwa ambao Waluo wameuita nyalolwe, na nagana kwa mifugo. Watu wengi hudhani mbung'o anazaliwa na sumu yake. Si kweli. Kila mbung'o anatoka ardhini akiwa safi, hata kama mama yake alikuwa amejaa vimelea; mama hamrithishi mtoto maradhi haya. Mtoto anayapata kwa kula, na hatari kubwa kwake ni mlo wa kwanza kabisa, kabla tumbo halijazoea damu. Akinywa damu ya mnyama mwenye vimelea vya malale, vimelea hivyo vinaanza safari yao wenyewe: vinaongezeka tumboni mwa nzi, vinabadilika umbo, vinahamia kwenye tezi za mate, na huko vinabadilika tena ndipo viweze kumwambukiza mtu. Safari hiyo huchukua wiki tatu hivi. Mbung'o wengi hufa kabla haijakamilika, na wengi zaidi vimelea hushindwa kukita ndani yao. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa na mbung'o mara nyingi asipate malale, na mwenzake akaumwa mara moja ikawa basi. Malale ya upande wetu huu wa Afrika Mashariki hayana subira: yasipotibiwa huua katika miezi, si miaka kama yale ya Afrika ya Magharibi na Kongo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita malale yalipita ukingoni mwa ziwa letu yakimaliza vijiji. Busoga, upande wa Uganda, watu wanaokadiriwa kupita laki mbili waliangamia. Huko ni mbung'o wa ukoo mwingine aliyehusika, yule wa kando ya maji. Wa Lambwe ni mbung'o wa vichakani, anayefuata nyati na pongo. Lakini woga ulikuwa ule ule, na Lambwe likabaki bonde ambalo watu waliingia kulima, wakaugua, ng'ombe wao wakakonda na kufa, wakalihama. Mwaka 1966 serikali ililitangaza kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 likapandishwa daraja kuwa mbuga ya taifa, kilomita 120 za mraba, kwa jina la Ruma. Askari wa kwanza wa mbuga hiyo, kwa maoni yangu, hakuvaa sare wala hakulipwa mshahara. Alikuwa huyo nzi. Pale ambapo mbung'o angepungua mapema, jembe lingefika, na leo tungekuwa tunazungumzia mashamba ya mahindi kutoka Gwassi hadi Kaniamwia.

Mwaka 1980 malale yalizuka upya Lambwe. Mwaka uliofuata ndege zikapita juu ya bonde zikinyunyiza dawa ya endosulfani. Kupuliza dawa kwa ndege dhidi ya mbung'o si kazi ya siku moja, na hapa ndipo kuhesabu siku kunapoingia. Dawa inayoelea hewani inaua nzi walio nje. Haimfikii aliye ardhini ndani ya gamba. Kwa hiyo unapuliza, unangoja kidogo ili walio ardhini waanze kutoka, kisha unapuliza tena kabla majike hao wapya hawajafikia siku ya kuzaa mtoto wa kwanza. Ukichelewa siku chache, wameshazika watoto. Unarudia hivyo mpaka uwe na hakika kwamba hata gamba lililochelewa kabisa limeshapasuka. Mpango ni mzuri ajabu kwenye karatasi. Lakini hauruhusu kosa, na bonde lenye vilima pande zote na vichaka ambavyo hata mbuzi anapita kwa shida si mahali rahisi pa kupulizia sawasawa. Mbung'o wa Lambwe walianguka karibu kwisha. Kisha wakapanda tena. Majike wachache waliosalia wakaendelea na ratiba yao, mmoja kila siku 9 au 10.

Kuna mahali hesabu hiyo ilifanikiwa, na wasikilizaji wa pwani wanapajua. Unguja. Huko hawakutegemea kuua peke yake. Walilenga ile siku moja ya ndoa. Kule Tanga madume ya mbung'o yalifugwa kwa mamilioni, yakapigwa mionzi yakawa tasa, kisha yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kuanzia mwaka 1994, baada ya idadi ya mbung'o kupunguzwa kwanza kwa mitego ya nguo na dawa za kupaka ng'ombe. Jike likikutana na dume tasa, basi. Mbegu iliyowekwa akiba haina uhai, na hataolewa tena. Mbung'o wa mwisho wa porini Unguja alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Bahari ilisaidia sana, tusiifiche: hakuna nzi aliyevuka maji kuja kujaza pengo. Ruma ina uzio wa umeme, ambao unamzuia nyati. Mbung'o anaupita bila kubisha hodi.

Lambwe walichagua njia ya polepole, na kwa kweli inafaa zaidi. Wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na ambacho kina kambi yake kubwa Mbita, jirani kabisa na bonde, wameshughulika na mitego ya nguo ya buluu na nyeusi. Mbung'o anavutwa na buluu kutoka mbali, akifika anatua kwenye weusi, akipanda juu kutafuta mwanga anaishia kwenye chandarua asikoweza kutoka. Kando ya mtego huwekwa kichupa cha asetoni na kingine cha mkojo wa ng'ombe uliolala siku kadhaa, harufu ambayo kwa mbung'o wa Lambwe ni mwaliko wa karamu. Mtu akiuona mtego huo porini anaweza kucheka: kitambaa kimoja dhidi ya bonde zima? Lakini rudi kwenye uzazi wake. Kwa kiumbe anayezaa taratibu namna hii, ukiongeza vifo vya majike kwa asilimia 4 tu kila siku, bila kukoma, idadi yake inashuka mpaka inakwisha. Nzi wa jikoni ukimpunguzia asilimia 4 kwa siku hata hatagundua.

Kazi hiyo, pamoja na kupima watu na kutibu ng'ombe, imezaa matunda. Mgonjwa wa mwisho wa malale aliyeambukizwa na kugunduliwa humu Kenya alipatikana mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale si tena tatizo la afya ya umma nchini. Homa Bay ni kati ya kaunti ambazo ufuatiliaji unaendelea, kwa sababu nzi bado yupo na nagana ya ng'ombe bado ipo. Kwa hiyo wewe unayeishi karibu na Ruma, ukishikwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, mwambie mhudumu wa zahanati wazi kwamba unaishi kwenye mbung'o.

Haya. Tumwache mdudu tumtazame mnyama, kwa sababu ndani ya uzio ule ule yupo mzazi mwingine wa mmoja mmoja.

Korongo ni swala mkubwa, kimo cha farasi mdogo, pembe zimepinda kurudi nyuma, uso umepakwa nyeusi na nyeupe kama wa mtu aliyevaa barakoa, masikio marefu yenye kishungi nchani. Kenya nzima, korongo wa porini wamebaki Ruma tu. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta hawafiki ishirini. Jike hubeba mimba miezi tisa hivi, kama mama yeyote wa kijijini, na huzaa ndama mmoja. Kabla ya kuzaa hujitenga na kundi, akaingia kwenye nyasi ndefu, na akishajifungua humwacha ndama amelala humo. Hakai naye. Anakwenda kula mbali, anarudi kumnyonyesha, anaondoka tena, ili mwenye njaa anayemfuatilia yeye asimfikie mtoto. Ndama hukaa mafichoni wiki kadhaa, akijua kazi moja tu ya kutotikisika. Fisi akipita karibu, maadamu harufu ya ndama hewani si nyingi, ndama anaweza kupona. Moto wa kiangazi ukipita, mbinu hiyo hiyo iliyomlinda ndiyo inayomuua. Na waya wa mwindaji uliofungwa kwenye kichochoro cha kwenda majini hauchagui kati ya mama na dume.

Mnaona ninakoelekea. Hesabu ni moja. Vifo vichache vya nyongeza, mwaka hadi mwaka, vinammaliza korongo kwa njia ile ile tunayotaka vimmalize mbung'o. Tofauti ni kwamba kwa mbung'o tumejitahidi miongo kadhaa tusifaulu kummaliza, na kwa korongo hatukujitahidi hata kidogo. Mtego wa nguo una mhandisi, bajeti na ripoti. Mtego wa waya una kijana mmoja na njaa yake, na unafanya kazi vizuri zaidi. Nina hakika wapo watakaoniambia kwamba kumwondoa mbung'o Lambwe ni kumwondolea korongo mlinzi. Hoja hiyo naielewa, lakini siikubali. Mtu asiombwe kuishi na malale ili swala apate nyasi. Uzio, askari na makubaliano na majirani wanaolisha mifugo ndivyo vinavyopaswa kuifanya kazi ambayo nzi aliifanya bure.

Nisiwachoshe na wazazi wa mmoja mmoja peke yao, kwa sababu nje ya uzio, katika mahindi na mtama wa wakulima wa Lambwe, kuna kiumbe aliyechagua njia ya kinyume kabisa. Namzungumzia kayongo, yule ambaye Watanzania wanamwita kiduha. Kila mkulima wa Nyanza anamjua kwa maua yake ya zambarau, mazuri kiasi cha kutaka kuchumwa. Mmea mmoja wa kayongo hutoa mbegu 50,000 na hata zaidi, laini kama vumbi. Mama hamlindi yeyote. Mbegu zinaanguka, zinapeperuka, zinabebwa na kwato na jembe, na zinaweza kukaa udongoni miaka kumi na kupita zikiwa hai.

Lakini hata huyu mwenye watoto maelfu ana mlango wake mwembamba. Mbegu ya kayongo ni ndogo mno kiasi kwamba akiba yake ya chakula ni ya siku chache tu. Ikiota mahali pasipo na mzizi wa kunyonya, inakufa. Kwa hiyo haioti ovyo. Inangoja mpaka mzizi wa mahindi au mtama ukaribie na kutoa kemikali fulani udongoni. Ikiinusa, inaota, inaufuata mzizi, inauchoma na kuanza kunyonya. Kwa wiki kadhaa huoni kitu juu ya ardhi. Unaona tu mahindi yamedumaa na kugeuka manjano, unasema ni jua, unasema ni mbolea feki. Kayongo anapotokeza kichwa, wizi umeshafanyika.

Pale Mbita, katika miaka ya 1990, watafiti walikuwa wakipanda mmea wa malisho uitwao desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi kwa nia nyingine kabisa, kumfukuza nondo ambaye viwavi wake hutoboa mabua, huku nyasi za nepia za pembeni mwa shamba zikimvuta nondo huyo huko nje. Wakagundua kwamba kwenye desmodiamu kayongo naye anapungua, misimu ikienda. Mizizi ya desmodiamu, kumbe, inatoa kemikali inayomwamsha kayongo aote, na nyingine inayomzuia asishike mzizi wa mahindi. Anaamka, hakuna pa kunyonya, anakufa. Yule aliyejificha miaka kumi anadanganywa ajitokeze mwenyewe, na ghala lake la mbegu udongoni linapungua bila mtu kupiga dawa.

Kwa wanaotaka kujaribu msimu ujao, maneno mawili. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo na huota kwa taabu, kwa hiyo msimu wa kwanza palilia kwa mkono na kwa uangalifu, usije ukaing'oa ukidhani ni magugu; ikishashika, hukaa miaka kadhaa, na unapoikata ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa. Na kayongo aliyeko shambani sasa hivi mng'oe kabla hajachanua, si baada. Ukimng'oa akiwa na vifuko vya mbegu vilivyokauka na kumbeba begani hadi mpakani, umemsaidia kupanda shamba zima njiani. Wenye maswali juu ya korongo, mbung'o au huyu mwizi wa zambarau, niandikieni kama kawaida. Nitayajibu kipindi kijacho.